Ee Yangu Iliyochelewa Angani

Jameni, hii aibu nimeificha miaka mingi, na kama si binti yangu Wakesho kuja nyumbani juzi na habari za mtambo wake wa intaneti ningeenda nayo kaburini, lakini kwa vile nimeshacheka mbele yake mpaka nikashikwa na kwikwi na akanilazimisha nieleze ninacheka nini, basi hata nyinyi acha niwaambie, mnicheke mara moja kisha tuendelee na chai. Mimi Mghoi, binti wa Chawia kule vilimani, niliachana na mchumba wangu ndani ya posta ya Voi, siku ya soko, mlango wa kibanda cha simu ukiwa wazi, na kati yetu sisi wawili hakuna hata mmoja aliyetaka kuachana.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa karani wa shule pale Voi, nimepanga chumba mtaa wa Kaloleni pale pale mjini, na mchumba wangu Righa alikuwa Uingereza akisomea mambo ya simu. (Hapo pashikeni vizuri: alikuwa akisomea simu.) Alikuwa ameondoka muda mrefu, na huko Chawia watu walishaanza kumpa mama yangu pole za chini chini, mara wasikie vijana wakienda Ulaya hawarudi, mara fulani wa kilima cha pili amerudi na mzungu, na Mama, ambaye alikuwa mjane na hakuwa na mtu wa kumsaidia kubeba maneno ya watu, alikuwa amechoka. Sasa upande wa Righa ulikuwa uje kwetu Jumamosi kumalizia mazungumzo ya mahari, wakiongozwa na baba yake mdogo, Mzee Mwaluma, na siku chache kabla ya hiyo Jumamosi Mama akakaza msimamo.

"Mimi sikatai," akasema. "Lakini huyu kijana nataka kumsikia na masikio yangu. Barua mtu anaweza kuandikiwa."

Ndipo mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikasema, "Kwani si tumpigie simu?"

Basi, hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa wakati ule nilijiona mjanja wa Voi nzima. Nikaenda posta nikapanga simu ya Uingereza, dakika tatu, na yule opereta, Bi Zuhura, mama wa Kiswahili kutoka pwani aliyekuwa akiita kila mtu mwanangu hata wazee wenye mvi, akanipa siku na saa na kuniambia nisichelewe. Righa naye nikampelekea telegramu akae karibu na simu. Shida ikawa moja tu. Katikati ya wiki hiyo simba walitoka mbugani wakamla yule mtamba aliyetengwa kwa ajili ya mahari yangu, mtamba mzuri, mwekundu, ambaye Mzee Mwaluma alimlea mwenyewe tangu akiwa ndama, na mzee akaniomba nimpe Righa hiyo habari kwa upole, nianze na jambo la kuchekesha kwanza ndipo nimwingize kwenye msiba.

Kabla sijafika kwenye simu yenyewe kuna kitu lazima mkijue kuhusu sisi watu wa vilimani, hasa kuhusu mimi. Kwetu mtu akiongea unamwitikia. Akisema maneno matatu, "ee," akiongeza mengine, "ee," na ukinyamaza anadhani umechoka naye au umekasirika, na mkubwa akiongea usipomwitikia hiyo ni dharau kabisa, unaweza kuulizwa umelelewa wapi. Mimi nilikuwa bingwa wa hiyo kazi. Nilikuwa naitikia redio. Na kimya sikiwezi, kimya kidogo tu, cha mtu kumeza mate, tayari nadhani mwenzangu ameanguka amezirai na ninaanza kujaza maneno.

Siku ikafika. Posta imejaa, watu wametoka soko na vikapu vyao, na sisi watatu tumevaa nguo za kanisani: mimi, Mama, na Mzee Mwaluma na kofia yake ya kijivu. Kengele ikalia, Bi Zuhura akapaza sauti, "Mwanangu Mghoi, Uingereza hiyo! Ingia kibandani upesi!" Posta nzima ikageuka kututazama (nisiwadanganye, nilifurahi), tukaingia wote watatu kwenye kile kibanda cha mtu mmoja, mlango ukakataa kufunga kwa sababu ya Mama, na Mzee Mwaluma akabandika sikio lake karibu na langu tukawa tumeshikana vichwa.

"Halo!" nikasema. Kimya. "Halo!" nikarudia kwa nguvu zaidi, na papo hapo halo yake ikaja ikagongana na yangu ya pili, tukanyamaza wote wawili, tukaanza tena wote wawili, tukagongana tena. Nikaona nitumie adabu. "Hujambo?" nikauliza, na kutoka huko mbali kasauti kadogo ka kike kakauliza, "Hujambo?" na mimi nikajibu kwa heshima zote, "Sijambo, na wewe je?" (Ilikuwa sauti yangu mwenyewe ikinirudia. Nilijisalimia, na Mama kando yangu akitabasamu kwa fahari.)

Ndipo Righa akaingia, sauti yake kabisa, ile ya chini chini, na moyo wangu ukaruka, nawaambia ukweli, nusura nilie pale pale. Akaanza kunieleza jambo fulani haraka haraka, na mimi, kwa mapenzi na kwa malezi mema, nikaanza kumwitikia ee, ee, ee. Nilichosikia ni hivi: "Mghoi, nisiki... inapita juu kwa seti... ukimali... nyama... usi..."

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Anasema yuko juu," nikamwambia.

"Juu wapi?"

"Ghorofani, labda. Na kuna mambo ya nyama."

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba simu hiyo haikupita kwenye nguzo wala chini ya bahari, ilirushwa kutoka lile sahani kubwa la Bonde la Ufa mpaka kwa setilaiti iliyo mbali sana angani, ikashuka Uingereza, jibu likafanya safari hiyo hiyo kurudi, kwa hivyo kila neno lilikuwa linachelewa kidogo, na tena laini zenyewe zilikuwa zikisikia watu wawili wanasema pamoja zinamfunga mmoja mdomo. Kila ee yangu ilikuwa inamkata. Na alichokuwa akijaribu kunieleza, maskini, ni kwamba nikimaliza kusema ninyamaze ningoje, na nisimwitikie anapoongea.

"Mpe habari," Mzee Mwaluma akaninong'oneza. "Hizo dakika zinakwisha."

Basi nikaanza na la kuchekesha kama tulivyopanga. Nikamwambia, kwa sauti ya kufika Uingereza bila simu, kwamba Jumapili mbuzi wa baba yake mdogo aliingia kanisani, akapanda mbele, akala maua yote ya madhabahuni huku mchungaji akiomba na macho yamefumbwa, na kila watu walipomwambia mchungaji "mbuzi!" yeye akajibu "Amina." Nikamaliza. Nikangoja kicheko. Kimya. Nikadhani hakunisikia, au utani wa nyumbani haumchekeshi tena, na kwa kuwa kimya sikiwezi nikaruka moja kwa moja nikasema, "Na yule mtamba wa mahari ameliwa na simba!"

Na kicheko kikafika.

"Ha ha ha haa! Wacha wee! Umenifurahisha sana! Hiyo ndiyo habari nilikuwa nangojea!"

Kilikuwa kicheko cha mbuzi, jameni. Kicheko cha mbuzi kilichochelewa njiani. Lakini Mzee Mwaluma, ambaye sikio lake lilikuwa pale pale, alikisikia kikija juu ya mtamba wake, akaondoa kichwa chake polepole kwenye changu, na Mama akauliza kwa sauti ambayo hata wa kununua stempu aliisikia, "Anacheka? Ng'ombe imeliwa na simba, anacheka?"

Nikaweka mkonga wa simu kifuani nimtulize Mama (kumbe huko Righa alikuwa akiuliza, "Umesema nini kuhusu mtamba? Mghoi? Sikushika vizuri"), nikasema labda ana wazimu wa baridi, Mama akasema hana wazimu, amefurahi kwa sababu hataki kutoa chochote, na Mzee Mwaluma akavua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. "Muulize," akasema. "Muulize kama bado anataka mke, au tuache hapa."

Nikarudisha mkonga sikioni. "Nimesema mtamba ameliwa na simba!" nikapiga kelele. Kimya. Ningengoja kidogo tu, jameni, kidogo sana, kama mtu anayepuliza chai. Sikungoja. "Righa, bado unataka tuoane?"

"Hapana!" jibu likaja. "Hapana, hapana jamani! Haiwezekani!"

Alikuwa analilia mtamba. Mimi nikasikia nilichosikia, nikamgeukia Mama nikasema, "Amesema hapana," na mtu aliyekuwa akigonga mihuri akaacha muhuri wake hewani.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Huko Uingereza swali langu la kuolewa likamfikia Righa, akajibu anataka, anataka sana, lakini mimi mkonga ulikuwa umening'inia mkononi. Aliposikia kimya akaanza kuogopa. Nilipourudisha sikioni Mzee Mwaluma alikuwa amenishika bega akiniambia kwa sauti ya mtu mzima aliyeumia, "Mwanangu, pole. Sisi hatukukufanyia haya. Muage, twende," na mimi, kwa kuwa mkubwa anaongea na lazima aitikiwe, nikajibu, "Ee. Ee, Mzee. Ee." Ee zangu tatu zikapanda angani, zikashuka Uingereza, zikamfikia Righa papo hapo alipomaliza kuuliza, "Mghoi, mbona hujibu, umepata mtu mwingine?"

Simu ikakatika. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha.

Nilipotoka kibandani mwanamke mmoja mwenye kikapu cha nyanya alinishika mkono akasema, "Pole, dada," na mwanamume mmoja ambaye sikumjua kabisa akawaambia wenzake, "Hao wakienda Ulaya ndivyo walivyo," na mwingine akasema mahari imemshinda, na Mama akamgeukia Mzee Mwaluma akimuuliza ni ukoo wa namna gani unaocheka ng'ombe akifa, na mzee wa watu, aliyekuwa amempoteza mtamba na mkwe katika simu moja, akatoka nje na kofia yake mkononi. Mtu mwenye akili angeenda nyumbani. Mimi nikaenda dirishani kutuma telegramu. Nikaandika maneno yangu nikampa Bi Zuhura, na yeye, kama ilivyokuwa kawaida yake, akayasoma kwa sauti mbele ya foleni nzima ili tuhakikishe yako sawa.

"'Nimesikia. Usirudi.' Ni hayo tu, mwanangu?"

"Ni hayo tu."

"Huna hata salamu?"

Foleni ikangoja kusikia kama nina salamu. Sikuwa nazo.

Wiki ile, sitaki kuifanyia mzaha sana. Nilikuwa nampenda Righa tangu tukiwa shule, na nilikuwa nalala na ile "hapana" sikioni na kuamka nayo. Jumamosi hakuna mtu aliyepanda Chawia. Mbuzi aliyefungwa kwa ajili ya wageni akafunguliwa, na Mama akakaa jikoni na sufuria kubwa za kuazima bila kuzirudisha, kwa sababu kuzirudisha ni kuwaeleza wenyewe. Shuleni walimu wakawa wananiongelesha kwa sauti ya hospitali. Na juu ya hayo yote telegramu ya Righa ikaja, imepishana na yangu njiani: "Kama ni yeye basi nawatakia heri." Nikaisoma nikauliza ni yeye nani? Nikaamua ni mzungu wake, kwamba maneno yamepinduliwa njiani na ni mimi ninayetakiwa kuwatakia heri, nikalia tena upya.

Aliyetufungua ni Righa mwenyewe, kwa kuwa mwishowe masomo yalimwingia kichwani. Alilala kitandani huko akiirudia ile simu neno kwa neno kama mtu anayetafuta funguo, mpaka akakumbuka kwamba yeye hakusema hapana kwa kuoana, alisema hapana kwa simba, na kwamba kicheko chake alikitoa kwa mbuzi. Akashika kichwa. Mtu ambaye mchana alikuwa akifundishwa kuchelewa kwa sauti kwenye setilaiti, jioni amevunja uchumba kwa sababu hiyo hiyo. Akapanga simu ya kuja kwetu, akapeleka ujumbe posta niitwe nije na wazee, na ujumbe ukaishia hivi: asiseme ee.

Nilienda kwa hasira, nataka kumtukana kwa dakika alizolipa mwenyewe. Mama akaja. Mzee Mwaluma akaja. Wakakaa ncha mbili za benchi moja, kila mmoja akitazama ukuta wake, na kwa vile Voi ni Voi, mwenye nyanya pia alikuwako. Bi Zuhura akanifuata hadi kibandani.

"Mwanangu, nimeambiwa nikuzuie," akasema. "Wewe mdomo wako nshaujua. Hebu itie leso yako mdomoni, uing'ate, usiiachie mpaka amalize."

Nikaing'ata leso. Hivyo ndivyo nilivyozungumza na mwanamume wa maisha yangu, shavu limejaa kitambaa. Na kwa mara ya kwanza Righa akaongea mpaka mwisho bila kukatwa. Akaeleza setilaiti, akaeleza mbuzi, akaeleza simba, akasema pole kwa Mzee Mwaluma, akasema yeye hana mzungu yeyote na mwenye nyumba wake ni bibi kizee mwenye paka, na mimi machozi yananitoka na ee zimenijaa kifuani hazina pa kutokea. Kisha akasema, "Mghoi, nauliza upya. Utaolewa na mimi?"

Nikangoja amalize.

Alikuwa amemaliza. Alikuwa anangoja mimi. Mimi nilikuwa nangoja yeye, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwamba safari hii sitaharakisha. Tukanyamaza, yeye huko na mimi huku, kimya kirefu kuliko vyote nilivyowahi kukaa, kinapanda juu kinashuka chini.

"Jibu!" Mama akapiga kelele kutoka benchini.

"Mwanangu, dakika zakwisha!" Bi Zuhura akasema, na mwenye nyanya naye akasema, "Dada, jibu!" na mimi navuta leso haitoki, uzi umenasa kwenye jino, navuta, navuta, mpaka ikatoka na nikapiga ukelele ambao walinzi wa mbuga lazima waliusikia.

"EE!"

Halafu nikafanya jambo gumu kuliko yote. Nilinyamaza. Sikurudia, sikuuliza kama amesikia, niliiacha ee yangu ipande pole pole huko inakopanda na ishuke. Na kicheko kikaja, kile kile cha siku ile, na safari hii kilikuwa changu. Posta ikapiga makofi. Mzee Mwaluma akasogea benchini mpaka karibu na Mama, akakohoa, akasema, "Nina mtamba mwingine. Mweusi," na Mama akamjibu, "Huyo mfungie ndani."

Sasa juzi huyu Wakesho wetu, ambaye kazi yake ni kufunga masahani ya intaneti kwenye mashule, alikuwa anatueleza shida aliyopata kwenye shule moja ya Njukini. Anasema kompyuta zinaongea kwa kuitikiana: moja inatuma kipande cha habari, nyingine inajibu nimepata, na jibu likichelewa kwa sababu limepita setilaiti, ile ya kwanza inadhani kipande kimepotea, inatuma tena, inaogopa, inapunguza mwendo, na hali njia iko wazi kabisa. Lazima uzifundishe uvumilivu, anasema, zitume mengi bila kungoja ee ya kila neno. Nikamuuliza kama hizo kompyuta zao zimelelewa Chawia. Hapo ndipo kwikwi iliponishika, na Righa akatoka nje kwa aibu, mtaalamu mzima wa simu.

Mimi nimeapa, na kiapo nimekishika: sitaitikia jambo kabla halijafika mwisho. Watu wanaonipigia simu hudhani nimekata. Hata nyumbani, mezani, hakuna setilaiti kati yetu, kuna thermosi ya chai tu, Righa akiniuliza kama ninafurahi kwamba nilimchukua, mimi kimya. Ananitazama. "Mghoi?" Kimya. Namwacha angoje kidogo, ahisi nilivyohisi mimi kwenye kile kibanda, mpaka nione uso wake umeanza kubadilika.

Ndipo namwambia, "Ee."